Mzigo wa Bara: Reli ya Kati kutoka Mgongo wa Mpagazi hadi Treni ya Umeme

Kabla ya reli, uchumi wa bara la Tanganyika ulikwenda kwa miguu. Katika karne ya 19 karibu kila bidhaa iliyosafiri kati ya maziwa makuu na pwani ilibebwa na binadamu, begani au kichwani. Njia kuu ilianzia Bagamoyo, ikafuata bonde la mto Mkondoa kuelekea Mpwapwa, ikakata nyika kavu ya Ugogo, ikafika Unyanyembe penye mji wa Tabora wa leo, kisha ikateremka Ujiji kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hadi Tabora msafara ulichukua miezi mitatu hivi, mvua na njaa zikiruhusu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi walioiona kazi hiyo kuwa ya heshima na ya kiume, walibeba kila mmoja kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Punda na ng'ombe hawakuweza kushika nafasi yao, kwa maana sehemu kubwa ya njia ilikuwa na mbung'o, na nagana iliwaua wanyama wa kazi kabla hawajafika mbali.

Usafiri wa namna hiyo ndio ulioamua mali ipi iuzwe na ipi ibaki shambani. Mpagazi alikula njiani, alilipwa ujira, na wakuu wa nchi alizozipita walidai hongo. Gharama zote hizo zilikaa juu ya mzigo wa kilo 30. Pembe ya ndovu iliweza kuzilipa na kubakiza faida. Kwa hiyo biashara ya bara ikawa biashara ya pembe, na pamoja nayo biashara ya watu waliotekwa, ambao walilazimishwa kujipeleka sokoni kwa miguu yao wenyewe. Kutoka pwani zilipanda bidhaa nyepesi zenye thamani: merikani, kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Mtama wa Ugogo uliweza kuuzwa kwa misafara iliyopita mlangoni, lakini haukuweza kufika Zanzibar, maana wachukuzi wangeumaliza wangali njiani. Basi swali moja likatangulia kuzaliwa kabla ya reli yenyewe, na kila zama ikalijibu kwa namna yake: ni mzigo gani unaoweza kulipia safari yake, na ni mzigo wa nani?

Majaribio ya kumpumzisha mpagazi yalianza kabla ya ukoloni. Mwaka 1877 kundi la Waingereza likiongozwa na William Mackinnon lilianza kufungua barabara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kuelekea Ziwa Nyasa. Ilianzia Dar es Salaam, bandari iliyoasisiwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Mbung'o waliwamaliza ng'ombe, na barabara ikaachwa baada ya miaka michache. Wajerumani walioanza kujitwalia nchi mwaka 1885, na kupigana na Abushiri bin Salim na Bwana Heri mwaka 1888 na 1889, walirithi tatizo lile lile. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilichukua utawala kutoka kwa kampuni iliyoanzisha koloni, na makao makuu yakahama Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina na kinga. Fikra ya kujenga reli kutoka hapo hadi maziwa makuu ilizungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja bila fedha kutolewa. Wabunge wa Berlin walisita kuzamisha fedha katika nchi ambayo mzigo wake hawakuujua.

Reli ya kwanza ikaanzia Tanga. Ujenzi ulianza mwaka 1893 kwa lengo la kuwahudumia walowezi waliopanda kahawa katika milima ya Usambara. Kampuni binafsi iliyopewa kazi hiyo iliishiwa fedha: ilipofika Muheza mwaka 1896 ilikuwa imejenga kilomita 40 tu hivi, na mwaka 1899 serikali ikalazimika kuichukua reli. Chini ya serikali njia ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kahawa ya Usambara haikutimiza matumaini, lakini zao lingine lilikuwa limekwisha kuingia kimyakimya. Mwaka ule ule wa 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai ikapandwa karibu na Pangani. Jani la mkonge ni zito, na sehemu kubwa yake ni maji, hivyo ni lazima lisindikwe karibu na shamba. Mashamba yakatandika vireli vyembamba vya kupeleka majani korona, yaani kiwanda cha kusindikia mkonge, nazo singa zilizokaushwa na kufungwa marobota zikapandishwa kwenye mabehewa kwenda bandarini. Reli ikapata mzigo, na mzigo ukapata reli. Ukanda wa Tanga ukawa wa kwanza kuonyesha jinsi njia na zao vinavyoweza kuinuana.

Wakati huohuo jambo kubwa zaidi lilitokea kaskazini. Waingereza walianza Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, wakafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, Kisumu, Desemba 1901. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, ilitumia vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao hawakurudi kwao. Nia yake ya kwanza ilikuwa ya kivita na kisiasa, yaani kuishika Uganda na chanzo cha mto Nile. Mzigo wa kuilipia haukuwapo. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ikawaita walowezi wa Kizungu na kuwapa ardhi ya nyanda za juu za Kenya ili walime cha kusafirisha. Uporaji wa ardhi uliokuja kuitikisa Kenya nusu karne baadaye una mzizi mmojawapo katika hesabu za reli isiyokuwa na shehena. Kwa upande wa Wajerumani, athari ilikuwa ya haraka. Ngozi na karanga za Mwanza na Bukoba zilianza kuvuka ziwa kwa meli hadi Kisumu na kuishia Mombasa. Koloni lao likawa linamlisha jirani.

Hofu ya kupoteza mzigo ndiyo hatimaye iliyofungua mfuko wa Berlin. Februari 1905 kampuni ya Philipp Holzmann ilianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, kwa geji ya mita moja. Mataruma yalikuwa ya chuma, kwa kuwa ya mbao yangeliwa na mchwa. Miezi michache baadaye, Julai 1905, Vita vya Maji Maji vililipuka katika vilima vya Matumbi, vikichochewa pamoja na mambo mengine na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Vita vilichelewesha kazi, lakini pia viliwathibitishia watawala kwamba nchi isiyo na reli ni vigumu kuitawala. Njia ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma tarehe 1 Februari 1914, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka baharini. Ilijengwa na mikono ya maelfu ya Waafrika, wengine wakitafuta fedha za kodi, wengine wakiwa wamekusanywa kwa nguvu. Wanyamwezi walikuwa wengi miongoni mwao, hata watoto wa wapagazi wakawa wanatandika mataruma ya njia iliyokuja kuwanyang'anya baba zao kazi.

Ramani ya uchumi ikachorwa upya kwa kadiri reli ilivyosonga magharibi. Bagamoyo, lango la bara kwa vizazi kadhaa, ilibaki na magofu na misikiti yake. Mpwapwa, kituo mashuhuri cha misafara, na Kilimatinde, penye boma la Wajerumani, zilipitwa kando, na stesheni za Gulwe na Manyoni zikachukua wasafiri wao. Ujiji ikaipisha Kigoma, jirani yake yenye ghuba inayofaa kwa bandari. Dodoma, iliyokuwa mahali pa kupita tu, ikapata stesheni, soko na maduka ya Wahindi, na humo ndimo ulimoanzia mji ambao mwaka 1973 uliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi. Mazao ambayo mpagazi hakuweza kuyabeba, kama karanga, mpunga, nta na ngozi, sasa yaliweza kusafiri. Hata hivyo njia iliendelea kuelekea upande mmoja. Ilitoka bandarini hadi ziwani, sambamba na nyayo za misafara, na kila kitu cha thamani kiliteremka nayo hadi baharini. Chuma kilibadilisha mwendo. Uelekeo ulibaki ule wa zama za pembe.

Miezi sita baada ya treni ya kwanza kufika Kigoma, Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Meli ya Graf von Götzen ilikuwa imeundwa Papenburg nchini Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa katika maelfu ya makasha na kuletwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, ambako ilizinduliwa mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua, na tangu 1927 ikajulikana kama Liemba. Kaskazini, Waingereza walijenga kwa haraka kipande cha reli kutoka Voi hadi Kahe ili kulisha jeshi lao, na kwa njia hiyo mifumo ya Kenya na Tanga ikaungana kwa mara ya kwanza. Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na Wabelgiji, pamoja na askari wao wa Kongo, wakaingia Tabora. Wajerumani walikuwa wamevunja madaraja mengi walipokuwa wakirudi nyuma. Baada ya hapo vita vilihamia kusini, mbali na reli, na mzigo ukarudi begani. Mamia ya maelfu ya watu walikusanywa kuwa wachukuzi wa majeshi, na mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam umebeba hadi leo jina la kikosi chao. Ugogo, ambako majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu, uliachwa ukingoni mwa reli na njaa kubwa iliyokumbukwa kwa jina la Mtunya.

Utawala wa Uingereza uliorithi Tanganyika uliikuta reli imechakaa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuikarabati. Mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa haki maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya shehena za Kongo na Ruanda-Urundi. Tangu hapo Reli ya Kati imekuwa pia njia ya nchi jirani, na wazo la ushoroba linalosemwa leo kama jambo jipya lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1928 tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza, likaanza kuurudisha nyumbani mzigo wa Ziwa Viktoria. Mwaka 1929 njia ya Tanga ilifika Arusha. Matawi haya mawili yalikuwa na bahati ambayo njia nyingine haikuipata: yaliwakuta wakulima wadogo wenye mazao ya kuuza. Pamba ya Usukuma na kahawa ya Kilimanjaro zilikuwa mali ya kaya za Waafrika. Wachaga waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU mwaka 1933; wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa nao wakajenga ushirika mkubwa katika miaka ya 1950. Sehemu ya fedha iliyoletwa na behewa ilibaki mashinani, ikajenga shule, maghala na nyumba za bati. Faida ya reli ilikaa kwa waliokuwa na mzigo wao na sauti ya kuuuza.

Sehemu nyingine za nchi zilipewa jukumu tofauti. Kigoma, Ufipa na maeneo mengine yaliyokuwa mbali na masoko hayakuhimizwa kulima zao la biashara. Yalitazamwa kama ghala la nguvukazi. Waha na wenzao walisajiliwa kwa namba, wakaitwa manamba, na kusafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wengine walirudi na baiskeli, wengine hawakurudi, na vijijini mwao wanawake walilima bila wanaume kwa miaka. Mkonge ulistawi hata Tanganyika ikawa mzalishaji mkuu wa zao hilo duniani, na katikati ya miaka ya 1960 uzalishaji ulipita tani 200,000 kwa mwaka. Ukiitazama ramani ya umaskini ya baadaye, utakuta baadhi ya maeneo yaliyokuwa nyuma yalipitiwa na reli tangu 1914. Yalikuwa nayo, ila mzigo wao ulikuwa watoto wao wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watawala walidhani mzigo unaweza kuamriwa kutoka mezani. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli mpya kabisa ya kusini, pamoja na bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua zilikuwa za kubahatisha, na matrekta yaliharibika kwa haraka kuliko yalivyotengenezwa. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli ya kusini, iliyokamilishwa hadi Mtwara mwaka 1954 wakati karanga zilipokuwa zimekwisha kusahaulika, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Ilikuwa njia iliyotangulia mzigo, na mzigo haukuja kamwe.

Zama hizohizo zilizaa jambo ambalo wapangaji hawakulikusudia. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja lenye makao yake Nairobi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda bara kwa kufuata stesheni za Reli ya Kati. Wafanyakazi wa reli walikuwa watu wa makabila mengi, wenye mshahara, wanaojua kusoma, na waliozungumza Kiswahili kazini na nyumbani katika kota zao. Habari, magazeti na baadaye kadi za chama cha TANU vilisafiri na treni. Mwaka 1960 chama chao kiliendesha mgomo uliodumu zaidi ya miezi miwili. Reli iliyojengwa ili kuitawala nchi ikawa mojawapo ya mishipa iliyosambaza hoja ya kujitawala.

Uhuru wa 1961 ulikuta nchi yenye njia ndefu mbili zisizogusana. Mwaka 1963 kipande kilichojengwa kati ya Ruvu na Mnyusi kiliziunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga. Lakini shinikizo kubwa la zama mpya lilitoka kusini. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita katika reli za walowezi hao, ikajikuta imeshikwa koo. Julius Nyerere na Kenneth Kaunda waliomba msaada wa kujenga reli hadi Dar es Salaam; nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilijibu kwamba haitalipa. China ilikubali, na mkataba ukatiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Kazi ilianza mwaka 1970, ikakamilika kabla ya muda uliopangwa, na mwezi Julai 1976 TAZARA yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa kwa serikali mbili. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja yaliyopangana juu ya mabonde, kiligharimu jasho na maisha ya Watanzania, Wazambia na Wachina.

Reli hiyo iliitwa ya Uhuru, nayo ilistahili jina. Uchumi wake lakini ulikuwa mgumu tangu mapema. Geji yake ya milimita 1,067 ilifuata ile ya kusini mwa Afrika, na hivyo mabehewa yake hayakuweza kuingia Reli ya Kati. Kituo cha Kidatu cha kuhamishia mizigo kati ya mifumo hiyo miwili kilipatikana mwaka 1998 tu. Msongamano wa bandari na upungufu wa vichwa vya treni uliilazimisha Zambia kufungua tena njia ya Rhodesia Oktoba 1978, mbolea ya wakulima wake ikiwa imekwama. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini, shaba iliyoiletea TAZARA uhai ikapata njia nyingine. Hata hivyo kandokando ya njia palitokea jambo ambalo hesabu za shaba hazikulionyesha. Wakulima wa bonde la Kilombero walihamia karibu na stesheni, wakapakia mpunga, ndizi na mahindi kwenye treni ya kawaida inayosimama kila mahali, na miji kama Mlimba na Makambako ikakua. Njia iliyojengwa kwa ajili ya mzigo mmoja mkubwa ikadumishwa na vifurushi elfu vidogo.

Kuporomoka kulikuja taratibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, shirika la pamoja likagawanywa, na Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli huku karakana kuu ikibaki Nairobi. Kupanda kwa bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya vipuri kuwa adimu. Barabara za lami zilipoongezeka na biashara kulegezwa katika miaka ya 1980 na 1990, malori yalichukua mteja mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa lori hufika mlangoni na haliulizi ratiba. Katika bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, ambako misafara ilipita zamani, mto ulilisomba tuta mara kwa mara, na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yalikata njia kwa miezi. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyoshindwa kupanda mlima Igandu, mkoani Dodoma, ilirudi nyuma bila breki na kugongana na ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, ubia uliovunjwa mwaka 2011. Reli iliyokuwa uti wa mgongo wa nchi ikawa sehemu ndogo tu ya uchukuzi wake.

Zama ya sasa imejibu kwa chuma kipya. Aprili 2017 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli ya geji ya kimataifa ya milimita 1,435, inayoendeshwa kwa umeme. Mwaka huohuo Kenya ilizindua yake kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa injini za dizeli. Treni za abiria zilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi uliofuata, na tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Safari iliyokuwa ya usiku kucha imekuwa ya saa nne au pungufu. Ujenzi wa vipande vya kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma umepewa makandarasi, pamoja na tawi la kuingia Burundi kupitia Uvinza. Njia ya zamani ya geji ya mita moja haijafa: ndiyo ingali inafika Kigoma, na upande wa kaskazini treni zilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020 baada ya kimya cha miaka mingi. Ushindani nao umerudi katika sura mpya, kwa kuwa reli ya Lobito nchini Angola inafufuliwa ili kuivuta shaba ya Kongo na Zambia kuelekea bahari ya Atlantiki.

Mengi yamebadilika tangu msafara wa mwisho utoke Bagamoyo, na machache yamebaki vilevile kwa ukaidi wa ajabu. Njia bado inatoka baharini kwenda maziwani. Kila mtawala aliyeijenga alitazama mbali: Mjerumani alitazama Ziwa Tanganyika, Mbelgiji Kongo, Mwingereza meza za chakula za kwao, na wapigania uhuru wakaitazama shaba ya ndugu zao. Leo macho yapo kwenye madini ya Kongo na nikeli ya Burundi, na si kosa, kwa kuwa tani nyingi za mbali ndizo zitakazosaidia kulipa deni. Lakini kila palipobaki utajiri kando ya reli, ulibaki kwa sababu watu wa katikati walikuwa na cha kupakia: kahawa ya Moshi, pamba ya Mwanza, mpunga wa Mlimba. Palipopita mzigo wa wengine pekee, stesheni ilibaki kuwa mahali pa kuuzia abiria mayai ya kuchemsha na karanga za kukaanga.

Kwa hiyo kipimo cha reli mpya hakitapatikana bandarini peke yake, ambako tani zitahesabiwa, wala kwenye mwendo wake wa kilomita 160 kwa saa. Kitapatikana kwenye stesheni za kati: iwapo alizeti ya Singida, zabibu za Dodoma, asali na mpunga wa Tabora vitakuwa na ghala, mizani, bei na behewa la kusimama kwa ajili yao. Karne moja na nusu iliyopita gunia la mtama la Mgogo halikuweza kwenda popote, kwa kuwa mbebaji angelila njiani. Siku litakapopandia Dodoma na kushuka sokoni likiwa bado na faida ya mwenye shamba ndani yake, swali lililoanza na mpagazi litakuwa limejibiwa.